Shamba la Vergelegen: Udongo Umepona, Je, Historia?

Wahenga walinena kwamba usione vyaelea, vimeundwa. Mwanafunzi wa Kiswahili huielewa methali hii upesi anapoelezwa habari za jahazi na fundi wake. Jambo asiloambiwa mara nyingi ni kwamba methali iyo hiyo yafaa kusemwa mbele ya kila jengo la kale linalosifiwa na watalii, na mbele ya kila shamba lililonawiri. Nani aliyeunda? Kwa mikono ya nani, kwa ujira gani, na katika ardhi iliyokuwa ya nani?

Maswali haya yananijia kila ninapotafakari habari za shamba moja la mizabibu nchini Afrika Kusini liitwalo Vergelegen. Huenda msomaji asiyeonja kileo akashangaa kwamba nimechagua mvinyo kuwa mada ya safu inayosomwa na walimu na wanafunzi. Namwomba asiwe na hofu. Makala haya hayamnadii mtu kinywaji. Yanahusu kazi mbili ambazo walimwengu wa leo wanazipigia chapuo: kurejesha majengo ya kale katika sura yake ya awali, na kuirudishia rutuba ardhi iliyochoka. Vergelegen ni mahali ambapo kazi hizo mbili zimefanywa kwa pamoja, tena kwa bidii ya kupigiwa mfano. Ni mahali pia ambapo kazi ya tatu, iliyo ngumu kuliko hizo mbili, ingali inatungoja.

Shamba lenyewe liko karibu na mji wa Somerset West, takriban kilomita 50 kutoka Cape Town, chini ya safu za milima ya Helderberg. Jina lake ni la Kiholanzi na maana yake ni mahali palipo mbali. Kwa hakika, mwaka 1700 palikuwa mbali. Waholanzi walikuwa wametia nanga katika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652, na kituo chao kilikuwa bado kidogo. Mvinyo wa kwanza wa Rasi ulikamuliwa mwaka 1659 wakati wa kamanda Jan van Riebeeck. Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki ndiyo iliyokuwa serikali, hakimu na mfanyabiashara. Lakini ardhi hiyo ilikuwa mbali kwa wageni tu. Kwa Wakhoikhoi, waliolisha ng'ombe na kondoo wao katika mabonde hayo kwa karne nyingi, haikuwa mbali na popote. Ilikuwa nyumbani.

Aliyekabidhiwa shamba hilo mwaka 1700 alikuwa Willem Adriaan van der Stel, gavana wa Rasi aliyeshika hatamu mwaka 1699. Katika muda wa miaka sita hivi aliligeuza pori kuwa bustani. Yasemekana kwamba kufikia mwaka 1706 alikuwa amekwisha kupanda mizabibu nusu milioni. Alijenga nyumba kubwa, akaizungushia bustani ukuta wa pembe nane, akaleta miche ya mikafuri kutoka Mashariki ya mbali na kuipanda mbele ya nyumba. Mikafuri mitano kati ya hiyo ingali hai hadi leo, ikiwa na umri upitao miaka 300, na mwaka 1942 ilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa.

Mambo makubwa namna hiyo hayafanywi na mtu mmoja. Gavana aliwatumia watumishi na watumwa wa Kampuni katika shamba lake binafsi, akajipendelea katika biashara ya mvinyo na nyama. Walowezi wenzake walioishi kwa kilimo waliona riziki zao zinamezwa. Kijana mmoja msomi miongoni mwao, Adam Tas, aliandika malalamiko yaliyotiwa saini na watu 63 na kupelekwa Amsterdam kwa siri. Gavana alipopata habari alimtia Tas korokoroni mwaka 1706. Lakini barua ilikuwa imekwisha kuvuka bahari. Mwaka 1707 Kampuni ilimwita van der Stel arudi Uholanzi, ikaamuru nyumba yake ibomolewe, na shamba likagawanywa mara nne na kuuzwa.

Mwalimu wa historia akikisimulia kisa hiki darasani, wanafunzi watashangilia. Mnyonge amemshinda mwenye nguvu! Dhalimu ameanguka! Namsihi mwalimu huyo asiishie hapo. Awaulize wanafunzi wake: je, katika ugomvi huo wote, nani aliyewatetea watumwa? Walowezi hawakulalamika kwamba gavana anamiliki watu. Wao nao walimiliki watu. Walilalamika kwamba amewazidi. Pande zote mbili zilichapisha vitabu vya kujitetea vyenye michoro ya shamba hilo, kila upande ukitaka kuonyesha ukubwa au udogo wa fahari ya gavana. Walibishana kuhusu majengo, mashamba na mifugo. Kuhusu utu wa waliobeba mawe ya majengo hayo hapakuwa na ubishi, kwa kuwa hapakuwa na aliyeuliza.

Hapa ndipo habari hii inapotugusa sisi wa Afrika Mashariki. Inakadiriwa kuwa kati ya mwaka 1658 na 1808 watumwa wapatao 63,000 waliingizwa Rasi. Walitoka India, visiwa vya Indonesia, Madagaska na bara la Afrika, hususan Msumbiji na pwani yetu. Kila eneo kati ya hayo manne lilitoa takriban robo. Kumbukumbu za safari za merikebu mbili za Kampuni, De Zon na De Jagtrust, zimehifadhiwa, nazo zaonyesha jinsi Waholanzi walivyofika Unguja kati ya mwaka 1776 na 1778 kununua watu. Kwa hivyo Kiswahili kilisikika katika ngalawa za biashara hiyo, na waliopakiwa melini walikuwa wana wa nchi hizi. Mashamba ya mizabibu ya Rasi si habari za kigeni kabisa kwetu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanaakiolojia walichimba mahali palipokuwa nyumba ya watumwa ya Vergelegen. Chini ya sakafu walikuta jeneza, na ndani yake mifupa ya mwanamke aliyefariki akiwa na umri wa takriban miaka 50. Hakuna jiwe lililoandikwa jina lake. Hakuna daftari linalomtaja. Basi wataalamu walikwenda kuuliza mifupa yenyewe.

Elimu hiyo yafaa kuelezwa kwa wanafunzi wa sayansi. Chakula anachokula binadamu huacha alama za kikemia mwilini mwake. Meno huundwa utotoni na hayabadiliki tena, kwa hivyo hutunza kumbukumbu ya mlo wa utoto. Mifupa nayo hujijenga upya polepole maisha yote, na kwa hivyo huonyesha mlo wa miaka ya baadaye. Meno ya mwanamke huyu yalieleza kwamba alilelewa katika nchi za joto, akila vyakula vya nchi hizo. Mifupa yake ikaeleza kwamba baadaye alikula kwa wingi vitu vya baharini, ambavyo ndivyo walivyolishwa watumwa wa Rasi. Huyo hapo mtu aliyenyimwa jina na kalamu. Meno yake yakamtolea ushahidi baada ya miaka 300. Alizaliwa kwingine, akaletwa, akafanya kazi, akazikwa chini ya sakafu aliyoikanyaga.

Baada ya van der Stel, shamba lilipita mikononi mwa wengi. Utumwa ulikomeshwa rasmi katika Rasi tarehe 1 Desemba 1834, ingawa waliokombolewa walilazimishwa kuwatumikia mabwana wao kwa miaka minne zaidi. Mwaka 1886 kidudu kidogo mithili ya chawa, filoksera, kilionekana Rasi kikifyonza mizizi ya mizabibu. Maelfu kwa maelfu ya mizabibu ilikufa kote Rasini, na wakulima walinusurika kwa kupandikiza mizabibu yao juu ya mashina ya mizabibu ya Kimarekani ambayo kidudu hicho hakiiwezi. Vergelegen nayo ilififia.

Urejeshaji wa majengo ulianza mwaka 1917, pale Bi Florence Phillips, mke wa tajiri wa migodi ya dhahabu, alipolichukua shamba na kuyafufua majengo yaliyochakaa. Mwaka 1987 likanunuliwa na kampuni ya madini ya Anglo American, na mwaka 1992 likafunguliwa ghala jipya la kukamulia mvinyo juu ya kilima, lenye pembe nane kama ule ukuta wa bustani ya kale, na sehemu yake kubwa imezamishwa ardhini ili isivunje sura ya milima. Naam, kazi hiyo ni nzuri. Kuta zimepakwa chokaa, mapaa yameezekwa, miti ya kale inatunzwa kama wazee wa ukoo.

Lakini kazi iliyonivutia zaidi ni ile iliyofanywa nje ya kuta. Shamba hilo lina ukubwa wa takriban hekta 3,000, na mizabibu imeshika sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa ilikuwa imevamiwa na miti ya kigeni: misonobari, mikaratusi na miwati. Msomaji wa Kenya anaujua muwati. Uliletwa kutoka Australia, magome yake yakatumiwa viwandani kutayarisha ngozi, nasi tukautumia kwa kuni na makaa. Huko Rasi mti huo umekuwa balaa. Hukua upesi, hujizalia ovyo kandokando ya mito, na hunywa maji mengi kuliko mimea ya asili.

Mimea hiyo ya asili huitwa fainbosi. Ni vichaka vifupi vyenye majani membamba na maua ya kupendeza, na eneo hilo dogo la kusini mwa Afrika lina aina zipatazo 9,000 za mimea, ambapo takriban aina saba katika kila kumi hazipatikani kwingineko duniani. Fainbosi huhitaji moto kila baada ya miaka kadhaa ili mbegu zake ziote. Lakini miti ya kigeni inapojazana, moto huwa mkali kupita kiasi na kuziunguza hata mbegu zilizolala udongoni. Kinachobaki ni udongo mtupu unaosubiri mvua iuchukue.

Kuanzia miaka ya mwanzo ya karne hii, Vergelegen iliifyeka miti hiyo katika zaidi ya hekta 2,000. Kufyeka mara moja hakutoshi, kwa maana mbegu za muwati huweza kukaa ardhini miaka mingi zikivizia. Hivyo wafanyakazi hurudi tena na tena. Serikali ya Afrika Kusini ilikuwa imeonyesha njia mwaka 1995, ilipoanzisha mpango wa kuwaajiri watu maskini kung'oa miti ya kigeni ili maji yarudi mitoni. Umuhimu wa maji hayo ulidhihirika kati ya mwaka 2015 na 2018, ukame ulipoukumba mji wa Cape Town hata wakazi wakawa wanahesabu siku zilizobaki kabla ya mifereji kufungwa.

Hapa pana fumbo ninalopenda wanafunzi walijadili. Mikafuri ya van der Stel ni migeni. Misonobari na miwati ni migeni pia. Mbona ile inalindwa na sheria na hii inakatwa kwa msumeno? Jibu langu ni kwamba ugeni si dhambi. Mikafuri ile mitano imesimama pale pale ilipopandwa, ikatoa kivuli bila kumfukuza mwenyeji. Miwati imekunywa maji ya mwenyeji na kumnyima mahali pa kuota. Mgeni hupimwa kwa matendo yake, si kwa asili yake.

Somo la pili linatoka kwenye mizabibu yenyewe. Kuna ugonjwa wa virusi unaoifanya majani ya mzabibu yakunjike na kuuzuia usiivishe matunda vizuri. Huenezwa na kidudu kidogo cheupe kilichojaa ungaunga mwilini. Tangu mwaka 2002, kwa uongozi wa mtaalamu Profesa Gerhard Pietersen, Vergelegen imekuwa mstari wa mbele kuupiga vita ugonjwa huo: kupanda miche isiyo na virusi, kukagua mstari kwa mstari, na kung'oa kila mzabibu mgonjwa pamoja na mizizi yake. Ajabu ya ugonjwa huu ni kwamba majani ya mizabibu myekundu iliyougua hugeuka kuwa mekundu ya kuvutia sana msimu wa vuli. Watalii huyapiga picha. Husifu uzuri wa bonde wasijue kwamba wanasifu dalili za maradhi.

Tafadhali msomaji, tua kidogo hapo. Je, nyumba nyeupe za kale zenye kuta zilizochongwa kwa ustadi, zikisifiwa bila kutajwa waliozijenga, si kama majani hayo mekundu? Uzuri ni wa kweli. Lakini nao ni dalili.

Vergelegen si shamba pekee lililo katika safari hii. Huko Boschendal, katika ardhi iliyogawiwa mlowezi mwaka 1685 na yenye jumba la mwaka 1812, wakulima wameshika kilimo cha kuihuisha ardhi. Ng'ombe hulishwa kwa kuhamishwa mara kwa mara kutoka kipande kimoja cha malisho hadi kingine, ili nyasi zipate kupumzika na samadi isambae. Kanuni za kilimo hicho ni chache, nazo mkulima wetu wa Makueni au Nyandarua anaweza kuzielewa bila mkalimani: udongo usiachwe uchi, usilimwe kupita kiasi, ulishwe mboji na samadi, na mimea ichanganywe badala ya kupandwa ya aina moja. Bibi zetu waliopanda kunde katikati ya mahindi hawakuhitaji kuambiwa hayo.

Basi, ikiwa majengo yamefufuliwa na udongo umeanza kupona, kilichosalia ni nini? Kilichosalia ni watu. Katika mashamba ya mizabibu ya Rasi palikuwa na desturi mbaya iliyoanza enzi za utumwa: mfanyakazi alilipwa sehemu ya ujira wake kwa mvinyo, akinyweshwa mara kadhaa kwa siku. Desturi hiyo ilipigwa marufuku katika miaka ya 1960, lakini katika baadhi ya mashamba iliendelea chini kwa chini kwa miongo kadhaa. Matokeo yake yangalipo. Eneo hilo ni miongoni mwa yale yenye idadi kubwa zaidi duniani ya watoto waliodhurika tumboni kwa sababu ya pombe waliyokunywa mama zao. Mtoto wa namna hiyo huingia darasani akiwa amekwisha kunyang'anywa sehemu ya akili yake kabla ya kuzaliwa. Mwalimu anayemfundisha anakabiliana na deni lililowekwa na watu waliokufa zamani.

Hali kadhalika, suala la makao. Sheria ya mwaka 1997 ilikusudiwa kuwalinda wakazi wa mashambani wasifukuzwe kiholela, lakini ufukuzaji haukukoma. Familia iliyoishi shambani vizazi vinne haina karatasi ya kuonyesha, ilhali mwenye hati ya miaka kumi ana kila haki. Mboji haiwezi kulitibu hilo.

Najua wapo watakaonipinga. Watasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Watauliza: mmiliki wa leo, ambaye hakumnunua mtu yeyote Unguja, ana kosa gani? Hoja hii ina uzito, nami siidharau. Asiyetenda kosa hastahili adhabu ya kosa hilo. Lakini wanaoitumia methali hiyo husahau neno moja ndani yake, nalo ni kuganga. Mganga hagangi asichokijua. Mkulima wa Vergelegen hakuuleta virusi shambani, lakini aliung'oa mzabibu mgonjwa na mizizi yake kwa kuwa alitaka shamba zima. Hakusema kwamba maradhi ni ya zamani. Kwa nini basi tuwe na subira ya kitaalamu kwa mizabibu na tukose subira kwa wanadamu?

Wapo pia watakaosema kwamba kurejesha majengo ya kikoloni ni kuwatukuza wakoloni, afadhali yabomolewe. Nao siwaungi mkono. Kampuni ilipoamuru nyumba ya van der Stel ibomolewe, haikuwapa watumwa uhuru. Iliufuta ushahidi tu. Lau shamba lote lingelimwa na kusawazishwa, yule mwanamke aliyelala chini ya sakafu asingalipatikana. Jengo likihifadhiwa kwa uaminifu huwa shahidi. Likihifadhiwa kwa unafiki huwa pambo.

Kwa walimu, ombi langu ni dogo. Mtakapowapeleka wanafunzi kuzuru jengo la kale au shamba kubwa popote pale, wapeni daftari na maswali matatu: Ardhi hii ilikuwa ya nani? Ni mikono ya nani iliyojenga na kulima? Wajukuu wa mikono hiyo wako wapi leo? Swali la kwanza litajibiwa na historia, la pili na akiolojia, na la tatu litawalazimu watoke langoni na kwenda kuuliza katika nyumba za wafanyakazi.

Kuhusu Vergelegen, siachi kuisifu kazi ya wale waliorudi mlimani mara nyingi kung'oa chipukizi la muwati, wakijua kwamba mwaka ujao litaota jingine. Hiyo ndiyo maana ya kurejesha. Si sherehe ya siku moja yenye utepe na hotuba, bali ni kurudi, tena na tena, penye mizizi. Siku wajukuu wa waliobeba mawe watakapokuwa na usemi, makao na elimu katika bonde hilo, ndipo tutakaposema shamba limepona. Kabla ya hapo, tuyatazame majani mekundu, tukiri kuwa yanapendeza, kisha tuinue macho tuulize mzabibu unaugua nini.